Siri ya Nyawech Ilivyofika Bombani

Nyawech aliuza chai katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Mume wake alirudi Sudan Kusini, hakusikika tena. Alibaki na mtoto mmoja tu, Deng, na huyo ndiye aliyekuwa dunia yake.

Alikohoa hadi akakonda. Akaenda hospitali. Daktari alimpima, lakini hakujua Kinuer, na Kiswahili cha Nyawech kilikuwa cha sokoni tu. Basi daktari akafungua mlango, akawauliza watu wa foleni:

"Nani hapa anajua Kinuer? Kuja usaidie."

Akainuka Nyaboth, jirani wa Nyawech. Daktari akasema, Nyaboth akatafsiri: Nyawech ana virusi vya Ukimwi. Dawa zipo.

Kusaidia gani huko! Kabla jua halijatua, habari zilikuwa zimefika bombani. Wanawake wakasogeza mitungi yao mbali na wa Nyawech. Wateja wa chai wakapotea. Kisha wifi yake akaja, akamchukua Deng.

"Utamwambukiza," alisema.

Nyawech akatupa chooni dawa alizopewa hospitalini. Aishi kwa ajili ya nani?

Nakeno, mhudumu wa afya Mturkana anayetembelea wagonjwa nyumbani, alimkuta amelala, amegeukia ukuta.

"Ejok, mama Deng," akamsalimia kwa Kiturkana. "Dawa iko wapi?"

"Mimi nilitupa. Mtoto wangu walichukua."

Nakeno akaketi chini, akasikiliza kisa chote. "Wewe hukukosa. Hospitali ndio ilikosa. Sheria ya Kenya inasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anaelewa, na ugonjwa wake ni siri. Hata kama ni mkimbizi. Mkubwa wa hospitali ndiye anapanga hiyo siri itunzwe vipi. Twende kwake."

Msimamizi wa hospitali, Ekidor, alikuwa amehamia kutoka Lodwar.

"Tulitaka tu kusaidia," alisema. "Mkalimani hatuna."

"Kumtafuta ni kazi yako," Nakeno akajibu. "Huyu mama mlimvua nguo mbele ya watu."

Ekidor aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Mkalimani akaajiriwa, akaapa kutunza siri. Watu wa foleni hawakuitwa tena kutafsiri. Wagonjwa waliokuwa wakijificha wakaanza kuja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Nyawech alirudia dawa kwa uchungu.

Siku moja mkalimani, mama wa Kinuer, akamwuliza: "Wifi yako nimweleze? Usipotaka, sitasema neno."

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Nyawech akalia.

"Mweleze. Namtaka mtoto wangu."

Wifi akaelezwa kwamba virusi haviambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kumpakata mtoto. Jumapili, baada ya kanisa, akamleta Deng. Mtoto akala sahani moja na mama yake, akasinzia mapajani pake. Jioni wifi akambeba Deng kurudi naye.

"Nitamleta tena," alisema. Akaondoka bila kumpa Nyawech mkono.