Shamba la Mwani Lisilo na Mlinzi

Godoro la mzee Ausi lilikuwa limekwisha fungwa nyuma ya bodaboda, sufuria ikining'inia pembeni. Alikuwa anakwenda stendi ya Bagamoyo kupanda basi la kwao Lugoba.

"Shikamoo, babu. Safari njema," alisema Sabiha, mtoto wa darasa la sita.

"Marahaba. Haya, lindeni wenyewe."

Wanawake wa shamba la mwani, pwani ya Kaole, walikuwa wamemwachisha kazi ya ulinzi. Kila mavuno kila mmoja alimlipa kamba moja ya mwani, na sasa walikuwa wamechoka kutoa. Shamba lao lilikuwa katikati ya kambi mbili za wavuvi, kambi ya Juu na kambi ya Chini, zilizogombana kwa ajili ya mahali pa kutega nyavu. Wanawake hawakuwa upande wowote.

"Hatuna ugomvi na mtu. Mlinzi wa nini?" alisema Bi Somoe, mama yake Sabiha, kiongozi wa kikundi.

Maneno hayo aliyapata kwa Sabiha. Shuleni, Mwalimu Raya alikuwa amefundisha habari za nchi ndogo isiyoegemea upande wowote vitani. Sabiha alisikiliza mwanzo tu, kisha akawa anachora maua. Nusu aliyoisikia akaipeleka nyumbani.

Tangu hapo, Sabiha ndiye aliyekaa ufukweni kuanika mwani na kuangalia shamba. Jumamosi moja ikaja mashua ya injini kutoka kambi ya Juu. Kijana Ishaka alipunguza mwendo.

"Mdogo wangu, tunakatiza hapa katikati."

"Mnakwenda wapi?"

"We mtoto, umekuwa polisi? Shika hawa samaki changu, mama akaange."

Sabiha akapokea samaki. "Piteni tu. Sisi hatuna upande."

Injini ikakata kamba mbili tatu za mwani. Hilo lilikuwa dogo. Alasiri nyavu za kambi ya Chini zilikutwa zimechanwa vipande vipande.

Mzee Rajabu, mkuu wa kambi ya Chini, alifika bandani kwa wanawake na watu wake, mapanga mkononi.

"Mmewafungulia njia! Kumbe nyinyi ni wenzao! Basi kesho na sisi tunapita hapa hapa, na vigingi vyote tunang'oa!"

"Wallahi hajapita mtu," Bi Somoe alijibu. "Mwanangu alikuwepo. Sabiha, waambie."

Macho yote yakamgeukia. Mama ameshaapa mbele ya watu. Sabiha akisema kweli, atamwaibisha. Akinyamaza, wataamini, labda.

"Wamepita, mama. Niliwaruhusu mimi. Walinipa samaki."

"Makubwa!" alidakia mama mmoja. "Shamba zima kwa kitoweo cha siku moja!"

Bi Somoe alikaa juu ya gunia. "Mzee Rajabu, nimeapa bila kujua. Tuwie radhi. Kosa ni letu."

Mzee Rajabu alishusha panga, akashusha na pumzi. "Nimekuja kugombana. Sasa nigombane na mtoto aliyesema kweli? Lakini kesho nani atawazuia wale wa kambi ya Juu?"

Mwalimu Raya, ambaye naye alikuwa na kamba zake pale, ndiye aliyejibu.

"Sabiha, ulisikia nusu ya somo. Ile nchi haikuwa na upande, lakini ilikuwa na askari, na wananchi waliwalipa kwa kodi zao hata miaka ya amani. Ilipomwambia mtu hapiti, hakupita kweli. Ukimpitisha mmoja akampige mwenzake, umeshachagua upande, hata kama hukutaka."

Wanawake wakatazamana. "Jamani, ni kamba moja moja tu, tumlipe," alisema mmoja wao. Bi Somoe akampigia simu mzee Ausi Lugoba, kumwomba arudi.

"Nimeshazoea ugali wa mke wangu huku," alisema mzee Ausi.

"Njoo naye!"

Banda zima likacheka, hata watu wa Rajabu. Bi Somoe akamvuta mwanawe karibu. "Aibu yangu itapita. Ungenyamaza, kesho watu wangekatana mapanga. Kweli uiseme hata ikimuumiza mama yako."

Mzee Ausi alirudi kulinda, na mkewe akaanza kulima mwani. Ishaka na wenzake walipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, wakashona nyavu zote walizochana. Mashua za kambi zote mbili sasa hulizunguka shamba, hazikatizi katikati. Mwalimu Raya alihamishiwa shule nyingine. Sabiha alimaliza darasa la saba na sasa anasoma sekondari.