Kigoda cha Katikati

Harufu ya udi ilitoka kwenye kompyuta, na nyumbani kwa Jalila hapakuwa na udi wala chetezo.

Jalila alikuwa mpiga picha wa Mishomoroni, na sifa yake ilikuwa picha ndefu. Watu wakizidi upana wa kamera, aliwapiga picha vipande vipande kutoka kushoto hadi kulia, kisha akaviunganisha kwenye kompyuta mpaka ukoo mzima ukakaa pamoja. Jumamosi alikuwa Likoni, harusini kwa kina Bi Mwanatabu. Katikati ya ukoo palikuwa na kigoda kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Hapo pana mwenyewe, mwanangu," Bi Mwanatabu alimwambia. "Ni mzee wetu tangu enzi za mababu, na si mtu. Usimwondoe mahali pake."

"Sawa, bibi," alisema Jalila, kimoyomoyo akicheka. Maskini, laiti angesikia! Kigoda kile alikiona pengo la kuharibu picha, basi wakati wa kuunganisha akazivuta pande mbili zikakutana, nacho kikapotea.

Sasa, alasiri hii, picha ilikuwa imerefuka yenyewe. Baada ya mjomba wa mwisho, upande wa kulia, palikuwa na ukuta wa buluu ambao hakuupiga. Akaifunga picha, akaifungua tena. Ukuta ukawa na pazia. Pazia lile lilikuwa lake, la chumba hikihiki, na chini yake alikaa binti yake Ummi akichezea vifuniko vya soda, na nyuma ya Ummi alisimama mtu mrefu wa kanzu, kainama kama anayetafuta pa kuketi, na udi ukazidi, naye akaogopa hata kugeuza shingo.

"Ummi," alinong'ona.

"Abee, mama," mtoto akaitika nyuma yake, kama wafunzwavyo watoto wa kike. "Babu anauliza kigoda chake kiko wapi."

Jalila alimpigia simu Bi Mwanatabu huku akilia. "Nimemwondoa, bibi! Nisamehe. Yuko na mwanangu."

"Ole wako! Mrudishie sasa hivi. Usikate simu."

Bibi akaanza kumbembeleza mzee wao kwa sauti ya chini. Jalila alivifumua vipande, akaviunganisha upya, na kigoda kikarudi katikati. Harufu ikakatika. Ukuta wa buluu ukatoweka, picha ikaishia kwa mjomba. Alhamdulillahi!

"Ameketi?" aliuliza bibi.

"Sijui."

"Kitazame kigoda."

Alikikuza. Juu ya kitambaa cheupe alikaa mtoto wa kike, vifuniko vya soda mkononi, mdomo wazi kama anayeita mtu.

"Ummi?"

"Naam," ikaitika sauti nzito ya kizee nyuma yake.