Bei ya Enoch Raddle

“Dola elfu mbili na mia nne,” Darcy alisema, akaigonga sarafu juu ya meza ya jikoni. “Yule mzee wa duka la sarafu mjini Goulburn hakupepesa hata jicho. Anatoa leo, pesa mkononi. Na wewe unataka niirudishe ndani ya kisanduku cha bati chini ya mawe, ikaokotwe na mtalii.”

“Nataka urudishe kisicho chako.”

“Niliacha kitu, Colette. Huo si mchezo wako? Si wewe unayenihubiria kila Jumapili? Ukichukua, acha chenye thamani ileile. Nilichukua, nikaacha.”

“Uliacha nini wewe, chenye thamani ya dhahabu?”

Darcy alifungua jokofu, akalitazama kama mtu anayetazama dirishani, akalifunga. Pikapu yake ilikuwa imekufa giaboksi, na fundi wa uzio asiye na pikapu ni mtu wa kukaa nyumbani akilumbana na mkewe. Colette alilijua hilo. Ndiyo maana hakupiga kelele.

Hapo Tamsin akaingia na nguo za kulalia, miaka sita, pengo mbele, nywele zimesimama.

“Mama, nani alileta farasi chumbani kwangu?”

“Hatuna farasi, mwanangu.”

“Basi kuna harufu yake.”

Colette alikwenda. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Aliinua mto wa mtoto akaunusa, na ile harufu ikampanda puani: jasho la mnyama, ngozi mbichi, na kitu kingine cha moto uliozimwa, kama baruti ya fataki. Aliyavua mashuka yote akayatia kwenye mashine, akasema ni mbwa. Mbwa alikuwa amejikunja chini ya tangi la maji tangu alfajiri, na hata nyama hakuitokea.

Mchezo ulikuwa wa Colette, kweli. Watu huficha masanduku, huandika mtandaoni mahali yalipo, na wengine huyasaka kwa simu. Ukilipata unaandika jina lako, unachukua kidude, unaacha kidude, unalirudisha lilipokuwa. Na barabara yao ilijaa masanduku hayo, kwa sababu ilijaa majambazi: kila jabali walikojificha enzi za ukoloni wakingoja magari ya farasi yapite na dhahabu, kila gofu la hoteli walikolewa, kila kaburi, lina bati lake. Jumapili iliyopita walikuwa kwenye kaburi la Enoch Raddle, rundo la mawe kando ya uzio, mkabala na maegesho ya malori. Colette alikuwa akimpiga picha Tamsin akitoa ulimi kwenye pengo lake jipya. Darcy ndiye aliyepekua bati, na katikati ya midoli ya plastiki na stika akaikuta pauni ya dhahabu yenye kichwa cha malkia kijana.

“Niambie uliacha nini,” Colette alisema usiku wa siku ile ya ugomvi.

Darcy alijikuna shingo. “Nilikuwa na jino lake mfukoni.”

“Jino la nani?”

“La Tamsin. Lile nililolitoa chini ya mto, si nilimwekea dola mbili nikasema ni kijini cha meno kimelinunua? Lilikuwa bado mfukoni mwangu. Sikuwa na kingine. Nikasema, haya, jino kwa sarafu, mbona ndivyo tunavyofanya nyumbani.” Akajaribu kucheka. “Usinitazame hivyo, mke wangu. Ni jino tu.”

Asubuhi Colette alichukua sarafu na kigari chake kidogo, akaenda kaburini peke yake. Alilitoa bati, akairudisha pauni mahali pake. Kisha akalitafuta jino. Alimwaga kila kitu kwenye nyasi kavu, akapekua kimoja kimoja, akakung'uta bati lenyewe. Midoli yote ilikuwepo. Jino halikuwepo.

Aliyeliweka bati lile ni Bibi Haddow, mjane mwenye kondoo upande wa pili wa barabara. Alikuwa akitengeneza hori la kunyweshea kondoo Colette alipofika, na hakuacha kazi.

“Dhahabu? Mimi niliweka vibeji na penseli, binti.”

“Raddle alikuwa mtu gani, Bibi?”

“Mwizi wa farasi. Ila yeye hakujiita mwizi, alijiita mnunuzi.” Bibi Haddow alikaza nati. “Alikuwa anaingia uani kwa watu mchana kweupe. Anamfungua farasi mdomo, anatazama meno. Akiridhika anatupa pauni moja mezani, hata kama farasi ni wa pauni hamsini, anasema nimenunua. Ukimrudishia, kesho anaacha mbili. Ukimrudishia tena, tatu. Baba wa babu yangu aliwahi kumrudishia mara mbili.”

“Na ya nne?”

“Hakuna ya nne. Baada ya tatu alikuwa anakuja na hatamu.” Sasa aliinua uso. “Mbona umekuwa mweupe hivyo? Kaa chini, nikuwekee chai.”

Colette hakukaa.

Alipofika nyumbani Tamsin alikuwa mezani akila mkate na siagi upande mmoja wa mdomo, kwa uangalifu.

“Unaumwa?”

“Yule mtu alinishika kwa nguvu,” Tamsin alisema. “Asubuhi, ulipokwenda. Baba alikuwa nje. Akanifungua mdomo, akahesabu meno na kidole. Kidole kina ladha ya mkanda wa ngozi.”

“Mtu gani, mwanangu? Alikuwaje?”

“Sikumwona. Alikuwa mdomoni tu.”

Juu ya mto wake palikuwa na pauni mbili za dhahabu, zimepangwa sambamba, moja karibu na nyingine.

Darcy alizitazama, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya hakutaja duka la Goulburn. Alizitia kwenye soksi akazitupa ndani ya bwawa la ng'ombe la jirani, akarudi amelowa hadi magotini. Colette akampigia simu padri mstaafu wa Yass, Padri Mulcahy, mtu mnene mwenye kikohozi, ambaye watu walisema aliwahi kuisafisha nyumba moja ya kule mtoni. Alikuja alasiri na chupa yake ya maji ya baraka. Alipofika mlango wa chumba cha Tamsin alisimama. Akanusa. Akauliza yaliyotokea, na Darcy, ambaye hajawahi kuficha neno maishani mwake, akayasema yote, na jino, na kicheko alichocheka alipokuwa akilitia ndani ya bati.

Padri aliifunga chupa bila kunyunyiza maji.

“Mimi hufukuza kilichoingia bila ruhusa,” alisema polepole. “Hiki kimeonyeshwa bidhaa na baba mwenye nyumba. Kikalipa.”

“Sikuuza kitu,” Darcy alisema. “Sikuuza, Padri. Ulikuwa mchezo.”

“Nakuamini, mwanangu. Lakini si mimi unayepaswa kunishawishi.” Akaanza kukohoa, akashindwa kuacha, akatoka nje akikohoa mpaka garini, na waliposimama barazani pamoja na Tamsin kumtazama akiondoka walisikia, nyuma yao, ndani ya nyumba, kitu kizito kikihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu juu ya sakafu ya mbao, na kile kishindo kidogo cha pumzi ambacho farasi hutoa anapochoka kungoja.

Wakakimbia. Hawakufunga hata mlango. Dada yake Colette alikuwa anaishi Wagga, nyumba ya matofali katikati ya mtaa wenye taa, na wote watatu waliingia kwenye kigari, Tamsin nyuma amefungwa mkanda, Darcy usukani, jua bado liko juu na barabara nyeupe kwa joto.

“Sarafu tulizitupa,” Darcy alisema. “Hatuna hata moja. Hatujapokea kitu.”

“Endesha.”

“Nasema tu, hatujapokea.”

“Endesha, Darcy.”

Walikuwa wamelipita kaburi, wamelipita kabisa, Colette alikuwa ameyaona mawe yakipungua kwenye kioo, gari lilipokata moto lenyewe katikati ya barabara kuu. Halikutikisika. Lilisimama tu, kama kitu kilichoamriwa, na redio ikanyamaza, na kiyoyozi kikanyamaza, na katika ukimya ule ambao haukuwa na lori wala ndege wala nzi wakazisikia kwato zikija juu ya lami, taratibu, bila haraka, zikilizunguka gari upande wa Darcy, zikapita nyuma, zikaja upande wa Colette, zikasimama, na kioo cha dirisha lake kikaingia ukungu kwa nje, duara moja, kisha jingine, kwa pumzi ya mnyama asiyeonekana, katika joto ambalo lingekaanga yai.

“Mama,” Tamsin alisema, “kuna kitu mkononi.”

Alifungua ngumi. Pauni tatu, zimelowa tope la bwawa.

Darcy alifungua mlango akatoka, mikono juu, kama watu wa zamani walivyotoka kwenye magari ya farasi mahali palepale. “Nichukue mimi,” alisema kwa sauti ya kunong'ona. “Mimi ndiye niliyefanya. Nina nguvu, nafanya kazi. Nichukue mimi.” Colette akaona taya la mumewe likishuka, likavutwa chini kuliko taya linavyotakiwa kwenda, na mashavu yake yakabonyea pande zote mbili kwa vidole visivyokuwepo, na midomo ikapinduliwa mpaka ufizi ukaonekana, na jino lake la bandia, na yale mawili yaliyooza, kisha kikatoka kicheko kifupi cha puani, cha mnunuzi aliyeletewa farasi mzee akidhaniwa mjinga, na Darcy akaachiwa, akaanguka magotini juu ya lami.

Colette alirukia kiti cha nyuma akamkumbatia mwanawe, akamfunika kwa mwili wake wote, na alipokuwa akimbana hivyo, akisema majina yote ya Mungu aliyoyajua na mengine aliyoyabuni, alihisi kitu kigumu kati ya kifua chake na uso wa mtoto. Akajivuta nyuma. Ilikuwa hatamu. Ngozi mpya, mishono midogo safi, imepimwa sawasawa na kichwa cha mtoto wa miaka sita, na chuma chake tayari kiko katikati ya meno, kwenye pengo. Aliivuta kwa kucha. Haikuwa na kifungo cha kufungulia.

Tamsin hakulia. Alimtazama mama yake kwa macho makavu, mdomo ukafunguka kuzunguka chuma, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya chini, yenye adabu, isiyo na hasira hata kidogo.

“Nimelipa mara tatu, mama. Nipe nilichonunua.”