Mota Iliyozimika Juu ya Paa la Cucu

Kila asubuhi kukipambazuka, Odero na mkewe Njoki hutoka na boti kwenda kutoa nyavu katika Ziwa Naivasha. Siku hizi wanapita juu ya mtaa wao wa zamani. Ziwa lilipanda, likameza nyumba zote. Maji yakitulia, unaona paa la bati la Cucu Wachuka, bibi mzee aliyekuwa jirani yao. Alifariki mwezi ule ule maji yalipoingia.

Na ni hapo, juu ya paa hilo, mota yao ya betri ilipozimika. Jumatatu ilizimika. Jumanne ikazimika tena. Jumatano ilikohoa kwanza, kama mtu aliye chini ya maji, kisha kimya.

"Ni yeye," Odero alinong'ona. "Cucu hataki tupite juu ya nyumba yake."

"Cucu ndiye aliyenilea, Baba Sue. Anitakie mabaya ya nini?"

Lakini nywele zilimsimama Njoki. Ndani ya ukungu kitu kilipumua, karibu sana. Boti ikainuka kidogo, ikashuka. Alikuwa kiboko. Walipiga kasia polepole hadi ufuoni.

"Ijumaa nauza boti," Odero alisema. "Afadhali nikafanye kibarua cha kukata maua shambani."

Njoki aliumia sana. Nyumba ilishazama, na sasa boti nayo iende? Hakubishana. Alifungua mota, akaibeba hadi kwa Chepkemei, fundi wa mota na betri.

"Kabla hujagusa propela, toa waya za betri," Chepkemei alisema. "Ikizunguka kidole chako kikiwa hapo, kwisha." Akafungua nati, akachomoa propela. Nyuma yake uzi wa nyavu ulikuwa umejizungusha, mweusi, umekaza kabisa.

"Huyu ndiye anayekohoa. Angekata mpira wa kuzuia maji, maji yaingie, mota iungue. Chomoa propela kila wiki uangalie. Mkipita kwenye magugu, angalia siku hiyo hiyo."

"Lakini mbona izimike mahali pamoja tu?"

"Mnatumia betri gani?"

"Ya gari."

Chepkemei akacheka. "Mama Sue, mnatoka ufuo ule ule, na betri ile ile. Si itachoka pale pale? Betri ya gari ni ya kuwasha injini, basi. Kazi ya saa nzima haiwezi. Chukua hii ya sola. Usiache ishuke chini ya nusu, na uichaji mkifika tu."

"Na mota yenyewe inatosha?"

"Imeandikwa paundi hamsini na tano, hiyo ni nguvu yake ya kusukuma. Kwa kila kilo mia moja za boti, watu na samaki, hesabu paundi tano. Nyinyi mkijaa mnafika kilo mia tisa, kwa hivyo arobaini na tano. Zinazobaki ni za upepo. Ila haina kelele. Kiboko hawezi kusikia mkija. Gongeni ubao mkienda."

Ijumaa Odero alikubali kutoka mara ya mwisho, na betri mpya. Ukungu ulikuwa mzito. Njoki aligonga ubao: ko, ko, ko. Paa likaja chini yao, la kijani, taratibu. Odero alifumba macho. Mbele yao kichwa kikubwa kiliinuka majini, kikasikiliza, kikageuka kwenda zake.

Mota haikukohoa. Paa likapita, likabaki nyuma.

Waliporudi na samaki, mnunuzi alikuwa amesimama ufuoni.

"Boss, ndiyo hii boti?"

Odero aliitazama mota, akamtazama mkewe. "Ndiyo hii. Lakini haiuzwi."

Mnunuzi alipoondoka, Odero aliinama karibu na Njoki. "Kesho tukipita pale," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye utakayemsalimia Cucu. Mimi siwezi."

"Nimeshamgongea mlango leo," Njoki alisema, akafungua waya za betri akaichaji.