Kitenge Kutoka Juu

Jumamosi asubuhi, nyumba ya fundi Kasian pale Kihesa, Iringa, huwa na kelele. Uani Kasian anapiga randa mbao za kitanda. Jikoni mkewe, Tumpe, anakaanga vitumbua huku akiimba nyimbo za kwao Tukuyu. Anaimba kwa sauti kubwa, lakini majirani wamemzoea. Siku hizi imeongezeka kelele ya tatu. Ni mlio wa droni ya binti yao Rozalia.

Droni ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Mtu huiongoza kwa rimoti akiwa chini. Ya Rozalia ina kamera na mapanga manne madogo yanayozunguka kwa kasi. Ikiruka tu, kuku wote wa jirani hukimbilia uvunguni mwa kitanda cha Kasian ambacho hakijamalizika.

Rozalia hupiga video za harusi, sendofu na vipaimara. Mtandaoni anajiita Roza wa Juu. Jina hilo limemtoa, maana ana watazamaji mpaka Mbeya na Songea.

Kila mtu anajua kwamba sehemu tamu ya sherehe ni kutunza. Muziki unapigwa, ukoo unaingia ukicheza, kitenge kinakunjuliwa na kuvikwa mabegani mwa mama wa shughuli. Rozalia alibuni jambo lake hapo. Kitenge chake kilitoka juu. Alikifunga kwa uzi chini ya droni, akakishusha taratibu mpaka mikononi mwa mama. Ukumbi ulipiga vigelegele. Video ile ilitazamwa kuliko zote alizowahi kurusha, na kamati za sherehe zikaanza kumgombania.

Wazo la michezo ya hatari alilipata kwa kijana mmoja maarufu mtandaoni, Kaka Mwewe. Kaka Mwewe huipitisha droni kati ya bodaboda mbili zinazokimbia. Huidaka kwa mkono akiwa ameipa mgongo.

"Yule hakosei, baba," Rozalia alisema siku moja. "Ana mikono ya ajabu."

Kasian hakufurahi. "Mimi kitu chenye makali sikipitishi juu ya kichwa cha mtu. Hata msumeno nikiubeba, meno yanaangalia chini."

"Baba, hii siyo msumeno."

"Inazunguka kuliko msumeno," Kasian alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Ikafika sendofu ya kumuaga dada mkubwa wa Rozalia kabla ya harusi yake. Safari hii mama wa shughuli alikuwa Tumpe mwenyewe. Sherehe ilifanyika uwanjani, nje ya ukumbi, na jioni hiyo upepo wa Iringa ulikuwa umeamka. Mshereheshaji akatangaza kwa madaha kwamba kitenge cha mama kinatoka juu. Tumpe akasogea katikati akicheza, akainua mikono yote miwili.

Droni ilishuka vizuri. Ghafla upepo ukapiga. Kitenge kikapanda juu, kikavutwa na mapanga na kujizungusha. Droni ikalala ubavu na kuanguka juu ya mikono ya Tumpe.

Muziki ulizimwa. Tumpe alipata majeraha kwenye vidole viwili, na juu ya jicho palichanika. Rozalia alibaki amesimama na rimoti mkononi, hajui ashushe nini tena. Hospitali walimshona mama yake. Daktari akasema jicho limepona kwa kidogo sana.

Usiku ule ule mgeni mmoja alirusha mtandaoni video ya tukio. Watu wakaandika vicheko. Rozalia aliweka droni kwenye boksi na kulia mpaka sauti ikakauka.

Siku chache baadaye jirani yao Khushbu aliingia uani. Khushbu ni binti wa mwenye duka la vitambaa la pale mjini, amezaliwa Iringa na Kihehe anakijua kuliko vijana wengi wa Kihesa. Amesomea kurusha droni, na kazi yake ni kupima mashamba ya mpunga huko Mbarali. Ni mtu wa utani, lakini kazini hana mchezo.

"Kamwene, Mama Roza. Pole sana."

"Kamwene, mwanangu. Nimeshapoa. Huyo hapo ndiye hajapoa," Tumpe alisema, akimwonyesha Rozalia kwa kidevu.

Khushbu hakumgombeza Rozalia. Aliomba feni ya mezani na kitenge. Akawasha feni, akakishika kitenge nyuma ya feni. Mara kitenge kikavutwa na kugandamana na wavu wa feni.

"Unaona? Feni inavuta hewa nyuma na kuisukuma mbele. Droni inavuta hewa juu na kuisukuma chini. Kitenge kikining'inia chini, unaona salama. Upepo ukikipandisha juu kidogo tu, kinavutwa na mapanga. Na feni ina wavu. Yako ina nini?"

"Haina kitu, dada," Rozalia alisema.

"Sasa niambie ukweli. Kabla ya kurusha ile video ya kwanza, ulijaribu?"

"Nilijaribu. Ilianguka mara tatu kiwanjani. Ya nne ikakubali."

"Mbona hizo tatu sijaziona?"

Rozalia aliinamisha kichwa. "Nilizikata."

"Na Kaka Mwewe amekata ngapi?"

Rozalia hakuwahi hata siku moja kujiuliza. Alimwona Kaka Mwewe akidaka, akaamini kwamba hudaka siku zote. Na watu walimwona yeye akishusha kitenge, wakaamini vilevile. Alijisikia vibaya sana.

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa binamu yake Gwakisa, kutoka Madibira, Mbarali. Baba yake, mjomba Asukile, ni mkulima wa mpunga. Mwezi uliofuata mjomba na mkewe walikuwa wanaadhimisha jubilei ya ndoa yao.

"Dada Roza, mambo ni moto huku," Gwakisa alisema kwa furaha. "Nimeazima droni kwa rafiki yangu. Kitenge cha mama kitatoka juu kama chako. Nimefanya mazoezi. Imeanguka mara mbili, ya tatu imekubali. Zile za kuanguka nimezifuta."

Rozalia alimwona akilini mke wa mjomba akiinua mikono.

"Gwakisa, usifanye hivyo. Mama ameumia."

"Nilisikia, poleni. Lakini ule si upepo tu? Mimi nitaangalia upepo."

"Nakuambia acha."

"Dada, wewe si ndiye uliyetufundisha? Ile video yako bado ipo. Huku kila kijana anayo kwenye simu. Ukifanya wewe ni sawa, tukifanya sisi unatukataza?"

Simu ikakatika. Rozalia alimtazama Khushbu. "Hanisikilizi."

"Anakusikiliza sana," Khushbu alijibu. "Anasikiliza ile video."

Siku hiyo hiyo Rozalia aliifuta video yake iliyopendwa kuliko zote. Kisha akatengeneza nyingine. Zile video tatu za kuanguka zilikuwa bado kwenye kompyuta yake, akaziweka zote bila kukata. Akaweka feni na kitenge. Mwisho alimwomba mama yake ruhusa ya kuonyesha mkono wenye nyuzi.

"Nipige mkono tu," Tumpe alisema. "Uso usinipige, sijasuka."

Kwenye video Rozalia alisema kwa kifupi: "Mlichokiona kwangu ni ile mara moja iliyokubali. Hizi hapa ni zile nilizowaficha. Huu ni mkono wa mama yangu. Tafadhali msiige."

Wapo waliomtukana na kusema ameishiwa. Kaka Mwewe alitumiwa video hiyo na watu wengi, hakujibu neno. Lakini Gwakisa alipiga simu asubuhi yake. Sauti ilikuwa ya chini.

"Nimeona, dada. Droni nimeshairudisha kwa mwenyewe. Ila wageni wameshatangaziwa, na mama anakisubiri hicho kitenge. Nitawaambia nini?"

"Waambie nakuja," Rozalia alisema.

Maandalizi yalikuwa kazi kweli. Khushbu aliuliza kama droni imesajiliwa. Rozalia alisema aliinunua kwa mtu.

"Basi hairuki mpaka isajiliwe na tupate kibali. Kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, anga siyo shamba la bibi. Hapa Nduli kuna uwanja wa ndege, na wewe ulikuwa unaruka tu."

Walifuata taratibu zote mpaka kibali kikatoka. Kila jioni walikwenda kwenye uwanja mtupu kufanya mazoezi. Khushbu alikuwa mkali. Rozalia akiipeleka droni mbali asikoweza kuiona kwa macho, Khushbu aliamuru irudi. Akiinyooshea mkono aidake, Khushbu alimpiga kofi dogo la mkono. "Inatua chini. Mapanga yakisimama kabisa, ndipo unaigusa."

Siku ya jubilei, familia yote ilisafiri mpaka Madibira. Mavuno yalikuwa yameisha, na majaruba ya mpunga yamebaki na mabua tu. Rozalia alifika mapema. Alichagua jaruba moja tupu, mbali na turubai la wageni, akalizungushia kamba ya katani. Ndani ya kamba droni ingeruka na kutua. Watu wote wangekaa nje. Alimweka Gwakisa pembeni yake.

"Mimi nikiangalia rimoti, wewe unaangalia juu na pembeni. Mtu akisogea, au upepo ukibadilika, unaniambia. Kazi yako ni hiyo tu."

Mjomba Asukile alipoiona kamba alikasirika. Alikuwa amevaa suti mpya, na joto la Mbarali halikumsaidia.

"Roza, nimewaalika watu waone kitenge kinashuka kutoka juu. Sasa unanifungia kamba kama zizi la ng'ombe?"

"Mjomba, kitenge kitakuja. Ila kitakuja na watu."

"Na droni?"

"Itaangalia tu. Naomba uniamini."

Asukile alimtazama dada yake Tumpe. Tumpe aliinua tu mkono wenye makovu mapya, akaurudisha chini. Asukile akakohoa na kwenda kukaa.

Wakati wa kutunza ulipofika, muziki ukaanza mbali, ng'ambo ya majaruba. Kila ukoo ulikuwa umeleta kitenge, na vyote vilikuwa vimefungwa fundo kimoja hadi kingine. Kikawa kitambaa kimoja kirefu. Wanawake walikishika kwa pamoja, wakaja kwa mstari wakicheza juu ya tuta. Droni ilikuwa juu ya jaruba tupu, imesimama pembeni, kamera ikiwatazama kwa mbali. Hakukuwa na kichwa cha mtu hata kimoja chini yake.

Khushbu alikuwa amewawekea wageni runinga kubwa chini ya turubai. Picha ilipotokea, watu walisimama. Katikati ya majaruba makavu ulipita mto wa vitenge, wa rangi zote, ukijipinda kila tuta lilipojipinda. Mjomba Asukile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkewe alianza kucheza kabla hawajamfikia.

Walikuwa hatua chache tu kutoka kwake Gwakisa alipopaza sauti. "Dada, upepo."

"Tunashusha," Rozalia alisema papo hapo.

Upepo ulikuja na vumbi. Ulipandisha vitenge hewani, ukapeperusha kofia ya mchungaji, ukageuza sahani za plastiki. Safari hii hakukuwa na mapanga karibu na kitu chochote. Droni ilishuka ndani ya kamba, ikatua kwenye mabua. Watoto walitaka kuikimbilia. Gwakisa aliwazuia kwa mikono miwili mpaka mapanga yaliposimama kabisa.

Chini ya turubai watu walikuwa wakicheka na kukamata vitenge. Wakamzungushia mama mwenye jubilei vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka akabaki uso tu. Tumpe ndiye aliyemfunga fundo la mwisho, kwa vidole vyake vyote. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," mjomba Asukile alimwambia Rozalia, akamkumbatia mbele ya wageni wote. "Hiki hakijawahi kuonekana Madibira."

Rozalia alirusha video yote mtandaoni. Hakukata kitu. Kamba ilionekana. Gwakisa alionekana akizuia watoto. Neno "tunashusha" lilisikika. Baada ya wiki chache, video hii ilikuwa imetazamwa kuliko ile aliyoifuta. Rozalia aliruka uani kwa furaha mpaka kuku wakakimbia wenyewe, bila droni.

Kisha watu wakaanza kuiga. Siku moja alitumiwa kipande kifupi cha sherehe kutoka Uyole, Mbeya. Aliketi na mama yake jikoni wakatazama. Vitenge vilikuwa vinakuja kwa mstari. Pembeni palikuwa na droni, imezungushiwa kamba. Mgeni rasmi, mzee mmoja mnene wa heshima zake, alitaka kuvuka akaitazame. Msichana mwembamba akasimama mbele yake.

"Shikamoo mzee. Samahani, nyuma ya kamba."

Mgeni rasmi alisita. Kisha mzee akarudi nyuma, akacheka, na umati ukamshangilia msichana yule.

"Huyo mtoto ni wa nani?" Tumpe aliuliza. "Umemfundisha lini?"

"Simjui, mama," Rozalia alisema, machozi yakimlenga. "Sijawahi kumwona maishani."

Tumpe alikirudisha kipande mwanzo, akatazama tena. Halafu akapiga kigelegele kirefu pale pale jikoni, mpaka Kasian akaja mbio akidhani wakwe wamefika.