Injinia na Ngazi Arobaini na Nane

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, mama alimbeba mwanawe Injinia mgongoni na kushuka naye ngazi arobaini na nane, kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini. Baba alikuwa ameshatangulia kazini na ndoo zake za rangi. Chiriku alifuata nyuma akiwa na mikoba mitatu: wake, wa mdogo wake, na ule mkubwa wa mama uliojaa vitambaa.

"Polepole mama, hapo pamelowa," alisema.

"Napaona. Wewe angalia mikoba yako."

Injinia alikuwa na miaka saba, na hakuwa mwepesi tena. Kila walipofika kwenye kona ya ngazi, mama alisimama, akaegemea ukuta na kushusha pumzi. Kisha alicheka na kusema, "Huyu mtoto nadhani anakula mawe." Siku hizi alicheka kwa shida. Alikuwa fundi cherehani, na mgongo uliokaa kwenye stuli kutwa nzima haukupenda mzigo wa asubuhi.

Jina la Injinia alipewa na baba. Hakukuwa na kifuniko ambacho mtoto huyo alishindwa kukifungua, kiwe cha chupa, cha redio au cha kopo la rangi. Vidole vyake vilikuwa hodari. Shida ilikuwa miguu. Alijikwaa mahali pasipo na kitu, hakuweza kuruka, na alipofika penye ngazi aliketi sakafuni, akaziba masikio, akagoma kabisa. Injinia alikuwa na usonji tangu alipozaliwa. Alisema maneno machache, na mara nyingi alirudia tu neno la mwisho alilolisikia. Alipenda mambo yaende kwa utaratibu uleule kila siku, na kelele za ghafla zilimuumiza kana kwamba amepigwa kofi. Dada yake mwenye miaka kumi na miwili aliitwa Chiriku kwa sababu, kama baba alivyosema, aliongea maneno yake na akaongea na ya mdogo wake.

Mwanzoni mwa muhula, wazazi walimpeleka Injinia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na watoto walimwita Mama Mipira, kwa kuwa chumba chake kilijaa mipira ya kila ukubwa. Alimtazama Injinia akitembea, akiinama, akijaribu kusimama kwa mguu mmoja.

"Miguu yake haijapata nguvu, na mwili wake bado haujui kujisawazisha," alisema. "Lakini hayo yanafunzika. Robo saa tu kila siku, nyumbani kwenu. Atembee juu ya mstari wa chaki, avuke mito ya kulalia mkiipanga sakafuni, arushe mpira ndani ya ndoo. Mwishowe ajaribu ngazi tatu za kwanza, akiwa ameshikwa mkono."

Aliwapa karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, chumba kimoja kwa kila siku. Siku ya mazoezi walitakiwa kuweka alama ya vema.

Mama alikunja uso. Alikuwa na sare za wanafunzi za kushona, na kibanda chake cha ushonaji, kilichokuwa chini ya jengo hilohilo, hakikufungwa mpaka jioni. Baba alirudi hoi kila siku.

"Mimi nitamfanyisha," alisema Chiriku kabla hajaulizwa.

Siku ya kwanza Injinia alilala juu ya mstari wa chaki na kupiga mayowe. Siku ya pili alitembea hatua nne. Siku ya tatu Chiriku alimvuta mkono ili amalize haraka, naye akamsukuma dada yake mpaka akaangukia ndoo. Siku ya nne, wakati Chiriku bado anafikiria aanzie wapi, alisikia kamba ikigonga sakafu ya varanda. Rafiki yake wa mlango wa pili alikuwa akifanya mazoezi ya kuruka kamba. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, na wawili hao walikuwa wamechaguliwa.

"Unakuja au huji?" rafiki yake aliita.

Chiriku alimtazama mdogo wake. Injinia alikuwa ametulia sakafuni na vifuniko vyake, hana habari na mtu. "Leo tu," Chiriku alijiambia. Aliuacha mlango wazi ili aweze kumwona, akaenda kuruka kamba. Aliporudi, alichukua kalamu akaweka alama ya vema.

Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya wiki moja hata hakujisumbua tena kuchora mstari wa chaki. Kitu kimoja tu kilimkera. Kila jioni mama alipanda juu amechoka, akasimama mbele ya ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, akazitazama zile alama.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye mkono wangu wa kulia."

Chiriku alijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

Wiki ya tano wote wanne walirudi kwa Mama Mipira. Alimweka Injinia kwenye mstari. Hatua nne, akayumba, akaketi. Alimpeleka kwenye ngazi za mbao zilizokuwa pembeni ya chumba. Mtoto akaziba masikio, akagoma. Mama Mipira aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaisoma tena.

"Hamkukosa hata siku moja?"

"Hata moja," alisema mama kwa fahari.

Chiriku aliukazia macho mpira wa bluu uliokuwa kwenye kona. Alitaka kusema, lakini badala yake alifunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

Mama Mipira alivua miwani. "Basi huenda mimi ndiye niliyempima vibaya. Mtoto akifanya mazoezi kiasi hiki, huwa naona badiliko, japo dogo. Tusimchoshe bure. Tuyaache mambo ya ngazi kwa mwaka huu, na nyinyi mfikirie kuhamia nyumba ya chini."

Walirudi nyumbani. Mama akambeba Injinia kama kawaida. Walipofika ghorofa ya pili alitoa mguno, akashika kiuno na kuketi kwenye ngazi, uso umejikunja kwa maumivu. Baba, aliyekuwa nyuma yao na mikoba, aliwahi kumpokea mtoto.

"Usijilaumu, mama watoto," alisema kwa upole. "Wala yeye si kosa lake. Tutambeba, basi. Hawezi."

Injinia, aliyekuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya maji, alisema bila kuinua macho, "Hawezi."

"Anaweza!" alisema Chiriku, na machozi yakamtoka papo hapo. "Anaweza, baba! Mimi ndiye sikumfanyisha. Nilimfanyisha siku tatu tu. Zile alama zote nyingine ni za uongo. Nilikuwa naenda kuruka kamba."

Chini, mtu alikuwa akifunga mlango wa chuma. Mama alimgeukia binti yake.

"Kila jioni nilikushukuru," alisema. "Na wewe ulinyamaza."

Chiriku angependa afokewe. Maneno hayo machache yalimchoma zaidi. Baba alimhamishia Injinia bega la pili, kisha akasema, "Kesho tutarudi kule. Nami sitafungua mdomo. Utasema mwenyewe."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya Mama Mipira na kusema yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, bila kutia wala kupunguza. Mama Mipira alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umeniondolea kosa ambalo ningemfanyia mdogo wako," alisema. "Nilikuwa nimeshamwandikia kwamba hawezi. Sasa niambie, kwa nini uliacha?"

"Anapiga mayowe. Halafu nikimvuta ananisukuma."

"Ukivutwa wewe ghafla, bila kuambiwa unapelekwa wapi, utafanyaje?"

Chiriku alifikiri. "Nitasukuma."

"Haya basi. Mwonyeshe kwanza kitakachofuata. Mchoree. Na usimshike kabla hajaona mkono wako." Kisha aliwageukia wazazi. "Nanyi nina neno kwenu. Kazi hii ni ya nyumba nzima, nanyi mmemtwisha mtoto mmoja. Mimi nami niliwapa karatasi, sikuuliza nani atafanya. Sote tujirekebishe. Mazoezi si lazima yafanane na adhabu. Baba, wewe kazi yako ni nini?"

"Kupaka rangi."

"Mpe brashi."

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili baba alijaza maji ndoo ndogo, akampa Injinia brashi pana, na wote wawili wakapaka maji ukuta wa nyuma ya jengo. Injinia alichuchumaa kupaka chini, akanyanyuka, akajinyoosha kwa vidole vya miguu kupaka juu. Ukuta ulikauka, wakaanza upya. Ndoo ilipokwisha maji, aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili hadi bombani. Jirani mmoja aliwapita, akasimama, akauliza hiyo ni rangi gani isiyoonekana.

"Hii ni ya bei ghali," baba alimjibu. "Wenye macho tu ndio wanaiona."

Jioni, mama alipofunga kibanda, Injinia alisukuma kikapu kizito cha vitambaa kutoka kwenye mashine mpaka mlangoni. Naye Chiriku alichora picha nne, akazibandika ukutani: kamba, mito, mpira na ngazi. Kamba ilichukua nafasi ya chaki, kwani aligundua Injinia alichukia vumbi la chaki nyayoni. Alipoilaza kamba yake sakafuni, mdogo wake aliikanyaga peku, akaichunguza kwa vidole vya mguu, akatembea juu yake hadi mwisho bila mayowe yoyote.

Siku moja Chiriku aliruka kamba chumbani, polepole, ta, ta, ta. Injinia aliacha vifuniko vyake. Kila kamba ilipogonga sakafu, aliinua mguu na kuushusha. Chiriku hakuacha kuruka. Tangu siku hiyo, mlango ulifunguliwa, na rafiki yake wa mlango wa pili akaingia kundini: wao wakaruka, Injinia akapiga hatua palepale.

Si kila siku ilikuwa nzuri. Mafundi walipokuja kutoboa kuta za ghorofa ya juu, kelele zilimvuruga Injinia, akagoma siku tatu mfululizo. Chiriku aliacha vyumba vitatu vya karatasi vikiwa vitupu. Alipoipeleka karatasi, Mama Mipira aliweka kidole juu ya vile vyumba vitupu na kusema, "Hii sasa naiamini." Chiriku alishiriki mashindano ya kuruka kamba shuleni akawa wa nne, na hakujali sana.

Ngazi zilikuja taratibu. Kwanza tatu, kisha mpaka kwenye kona. Kuna wiki walizofika kwenye kona ya pili, na kuna wiki walizorudi nyuma. Baba alipaka mstari wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi, ili Injinia aone ngazi moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mama aliinama mlangoni kama alivyozoea, akampa Injinia mgongo. Mtoto hakupanda. Alimpita, akashika bomba la kujishikilia pembeni ya ngazi, akashusha mguu mmoja, akaufuatisha wa pili.

"Mama, usimshike!" Chiriku alinong'ona.

Mama alimtangulia, akawa anashuka kinyumenyume, mikono tayari lakini bila kumgusa. Chiriku alifuata nyuma na mikoba mitatu. Nyuma yao alitokea kijana wa ghorofa ya nne aliyekuwa akiwahi kazini. Alifungua kinywa kuomba njia, akaona kinachoendelea, akasubiri. Kwenye kona ya pili Injinia alisimama kwa muda mrefu mpaka wakadhani ameishia hapo. Kisha akaendelea. Alipokanyaga sakafu ya chini, kijana yule alipiga makofi mara moja, akakumbuka masikio ya mtoto, akaificha mikono mfukoni.

"Arobaini na nane," alisema Injinia.

Alikuwa amezihesabu zote.

Mama aliketi kwenye ngazi ya mwisho, safari hii si kwa maumivu. Alifuta macho kwa ukingo wa kanga, akamvuta Chiriku karibu.

"Tumechelewa shule," alisema Chiriku.

"Tumechelewa, na mwalimu nitamweleza mimi. Sikiliza, mwanangu. Ukiandika uongo kuhusu kazi yako, unajidhuru mwenyewe. Lakini ukiandika uongo kuhusu mtu asiyeweza kujisemea, unamfungia mlango, naye hajui hata ni nani aliyeufunga. Wewe uliufunga, kisha ukawa na moyo wa kurudi kuufungua. Kurudi huko kulikuwa kugumu kuliko ngazi hizi. Na kuna jambo sisi wakubwa tumejifunza pia: mtoto huyu hakuhitaji mtu mmoja wa kumbeba. Alihitaji sote tutembee naye, kila siku kidogo, hata siku asiyotaka."

Chiriku alichukua mikoba. Injinia alikuwa ameshatoka nje, anatembea kuelekea barabarani kwa hatua zake pana, nao wawili wakaharakisha kumfuata.