Nywele za Tanuruni

Chanuo lilikuwa safi tena. Mke akaligeuzageuza, akacheka peke yake. Mwanamume ambaye tangu waoane hajawahi kusuuza hata kikombe chake, leo anamtolea mkewe nywele kwenye chanuo! Akajiambia kwamba kumbe kuna ndoa zinazochelewa kuiva, akajifunga kitambaa, akaenda kazini.

Kazini kwenyewe palikuwa nyuma ya nyumba, kwenye karakana ambamo yeye na mumewe walikuza mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba elfu yake ukiishikanisha haifikii unene wa unywele mmoja. Waliikuza kwa takataka: mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi, maganda ya korosho, mifuko ya plastiki. Walivivukiza ndani ya bomba la kioo lililopita katikati ya tanuru, mvuke ukagusa vumbi la chuma, na kaboni ikaota hapo. Iliota vibaya. Miaka nenda miaka rudi walivuna masizi matupu, mpaka majirani wakambandika mke jina la Mama Masizi, naye akaliitikia.

Kisha masizi yakakoma. Kila mumewe alipofungua tanuru, alitoa kile kibamba chembamba cha kukuzia mirija, kimeota msitu mweusi unaong'aa.

"Tumepatia, mke wangu," alisema, lakini hakumtazama usoni.

Na chumba hakikunuka mafuta. Kilinuka nywele zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na yasmini, ambayo Mama Masizi hajawahi kujipaka.

Sauti yake ikaanza kumpotea. Alidhani ni mafua. Baadaye ikawa anamwita mumewe aliye chumba cha pili naye hasikii, nywele zinamdondoka utosini, na mchana kweupe, tanuru likiwa limezimwa na limepoa, anasikia ndani ya bomba mtu akichana nywele, taratibu, bila kuchoka, huku akiimba kwa sauti ileile ambayo yeye asubuhi nzima alikuwa akiitafuta kooni mwake.

Akalifungua. Juu ya kibamba nyuzi nyeusi zilikuwa zimesukwa, zikaelekea kushoto, kama anavyosuka yeye. Mdomoni mwa bomba palikuwa na kibonge cha nywele zisizoungua bado. Aliitambua mvi yake.

Mganga alikuja mchana huohuo, mama mnene mwenye haraka. Alinusa mlangoni, akarudi nyuma.

"Usipaze sauti," alinong'ona.

"Hata nikitaka, siwezi."

"Jini huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Amealikwa, akatajiwa jina lako, akalishwa nywele zako. Aliyemwalika ndiye wa kumfukuza. Amwambie tu 'sikutaki', na mimi nitamaliza. Asiposema, atakumaliza wewe."

Mume akaitwa. Alisimama kando ya tanuru, mikono nyuma.

"Ulimpa jina langu?"

"Nilidhani atachukua kidogo," alisema chini chini. "Zilikuwa za kutupwa, mke wangu. Takataka tu. Na sisi kazi yetu si takataka?"

"Basi sema hilo neno."

Akautazama ule msitu uliokuwa ukimeremeta juu ya kibamba.

"Sema, baba," mganga akamsihi.

Hakusema.

Moyo wa Mama Masizi ukakatika hapo. Jini hakumwahidi chochote. Lakini huyu mume, yeye Mama Masizi alimuuguza, alimpikia, walichekana nyuso zikiwa nyeusi kwa masizi ya tanuru hilohilo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakumwambia kwamba nguo yenyewe atakuwa ameifua kwa mikono yake miaka yote.

"Twende," mganga akamvuta mkono. "Okoa uhai uliobaki."

Walikuwa wamefika getini sauti iliposikika kutoka karakana, nzima, changa, sauti yake mwenyewe.

"Chai umekunywa?"

Na mumewe akajibu kwa upole ambao hajausikia tangu harusi yao:

"Bado, mke wangu. Nakungoja wewe."

Mama Masizi akageuka, akafungua mdomo amtukane. Hakikutoka kitu.